Breki Inayofunguka

Kwa Kiswahili dereva "hufunga breki". Kitenzi hicho nilikitumia miaka mingi bila kukitazama, mpaka nilipolegeza skrubu za dramu ya mbele ya Land Rover Series III, ile ndefu ya 109, nikaivua na kukuta ndani yake kinyume cha neno. Shuu mbili zimekaa kama mabano, springi zikizivutia katikati. Ukikanyaga pedali, silinda huzisukuma nje hadi bitana zigandamane na ukuta wa dramu. Breki hii husimamisha gari kwa kufunguka.

Umbo hilo limefikiriwa sana. Kila gurudumu la mbele la 109 lina silinda mbili, moja kwa kila shuu, na shuu zote mbili zimeelekezwa kule gurudumu linakozungukia gari likienda mbele. Bitana ikigusa tu, mzunguko wenyewe huiburuta na kuikandamiza zaidi. Mguu huanza kazi, gurudumu likaimalizia. Naliheshimu sana wazo hilo: nguvu ya kusimama imechotwa kwenye mwendo uleule unaozuiwa.

Lakini linasomeka upande mmoja tu. Gari likirudi nyuma, mzunguko huzibandua shuu zote mbili, na mguu unabaki peke yake. Aliyesimama na mzigo kwenye kona za kutoka Mombo kupanda Lushoto, gari likaanza kuserereka kinyumenyume, ameujua udhaifu huo kwa goti.

Halafu kuna mfuniko. Dramu ni chungu: maji ya mto yakiingia hukaa, tope nalo hukaa, na vumbi jeusi la bitana hujaa humo (za zamani zilikuwa na asbesto, kwa hiyo lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kamwe). Kwenye mteremko mrefu joto hukosa pa kutokea. Dramu hutanuka ikizikimbia shuu, na pedali huzidi kushuka.

Breki ya diski ni kinyume chake: diski imeanikwa wazi kwenye upepo, na kalipa huiuma kwa pedi pande zote mbili. Mwaka 1953 Jaguar C-Type ilishinda Le Mans ikiwa na diski za Dunlop. Mwaka 1970 Range Rover ilitoka na diski magurudumu yote manne, ilhali Series III ya mwaka uliofuata, kutoka kampuni ileile, ilibaki na dramu kila pembe. Gari la kazi lilisubiri diski za mbele hadi Land Rover One Ten ya 1983.

Kwa hiyo anayeibadilisha 109 leo simlaumu. Ninachokilalamikia ni kubadilisha neno la mwisho na kuiacha sentensi nzima kama ilivyokuwa. Fundi anafunga diski na kalipa zinazong'aa, lakini masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, ni ileile. Diski haijikandamizi yenyewe kama shuu. Inadai shinikizo kubwa, ndiyo maana inataka boosta ya kuusaidia mguu. Tena masta silinda nyingi za dramu zina valvu ndogo inayobakiza shinikizo kwenye paipu hata mguu ukiwa umeondoka. Dramu ina springi za kuzirudisha shuu, kalipa haina. Valvu hiyo ikiachwa, pedi zinasugua njia nzima, na ukifika habu haishikiki kwa joto.

Nilipoibadilisha yangu, nyuma niliacha dramu. Gari likifunga breki uzito hukimbilia mbele, na huko ndiko diski zinakohitajika. Breki ya mkono sikuigusa. Ya 109 ina dramu yake peke yake, nyuma ya gia boksi, kwenye shafti ya kwenda magurudumu ya nyuma.

Masta silinda ikabadilishwa, boosta ikafungwa, tukatoa upepo kwenye paipu mara mbili. Nikapanda Lushoto na magunia. Kwenye kona niliyokuwa nikiiogopa nikaliachia gari makusudi lirudi hatua moja, nikakanyaga kwa nusu ya nguvu niliyozoea. Likatulia palepale.