Kumkagua Farasi Aliyeanza Mbio Mapema

Ukitaka kununua farasi wa mbio, uliza kwanza mwezi aliozaliwa. Uingereza, farasi wote wa jamii ya Thoroughbred huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari. Australia, tarehe 1 Agosti. Kwa hiyo aliyezaliwa Uingereza mwezi Mei huitwa wa miaka miwili akiwa na miezi 20 tu.

Wengi huamini kwamba kumkimbiza katika umri huo ni kumharibu. Siafiki. Mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba, na hufanya hivyo vizuri zaidi mnyama akiwa bado anakua. Tafiti za Australia na New Zealand zilionyesha kuwa walioanza na miaka miwili walidumu zaidi mashindanoni kuliko waliochelewa. Hata hivyo, hapa yataka tahadhari: huenda walioanza mapema ndio waliokuwa wazima tangu awali.

Kwangu mimi, kipimo kikubwa ni goko la mguu wa mbele. Pitisha kidole gumba kuanzia chini ya goti ukishuka taratibu. Ukikuta joto, au farasi akauondoa mguu, ujue mfupa umezidiwa. Mbio fupi za kasi, zikiongezwa kidogo kidogo na kupewa mapumziko, huuimarisha. Mwendo mrefu wa polepole peke yake hauuandai kwa mashindano. Mkufunzi makini akiona goko linauma husimamisha kasi mara moja. Anayeficha maumivu kwa dawa ili farasi ashindane tena hukaribisha ufa.

Omba pia picha ya eksirei ya magoti, maana sehemu ya kukulia mfupa iliyo juu ya goti huchelewa kufunga hadi baada ya miaka miwili. Uti wa mgongo hukomaa baadaye zaidi.

Kisha soma rekodi yake. Kuanza mapema peke yake kusikutishe: farasi Red Rum, aliyezaliwa Mei 1965, alishindana kwenye uwanja wa Aintree, Uingereza, Aprili 1967, kabla ya kutimiza miaka miwili kamili, katika mbio za mita 1000 hivi, akafungana na mwenzake kwenye nafasi ya kwanza. Uwanjani hapo hapo alishinda mbio ndefu za kuruka vizuizi za Grand National mwaka 1973, 1974 na 1977, mara ya mwisho akiwa na miaka 12.

Ukikuta mbio chache za utotoni zilizoachana vizuri, na goko baridi, mnunue. Zikiwa nyingi zilizofuatana, kisha pengo refu ambalo muuzaji hataki kulieleza, mwache hata kama alishinda zote.