Mgongo wa Zulia

Mteja akiingia duka la mazulia Kariakoo huonyeshwa uso: maua, rangi, manyoya yanayomeza vidole. Mambo yatakayoamua kama zulia hilo litadumu miaka miwili au kumi yako upande wa pili, na muuzaji hana haraka ya kuligeuza. Ligeuze mwenyewe.

Mazulia mengi ya mashine yatokayo Uturuki hufumwa Gaziantep, kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Mtambo hufuma mawili kwa mpigo, yakitazamana. Nyuzi za uso hupita huku na huko kati ya migongo miwili, kisha kisu huzikata katikati na mazulia yakaachana. Kila kishungi kinabaki kimeshikwa na mitande na mishindio ya mgongo, pamoja na gundi iliyopakwa nyuma. Vishungi vikiwa vichache hulala haraka, hasa mlangoni na mbele ya kochi. Kuvihesabu si kazi: pima sentimita 10 kwa 10 mgongoni, hesabu vishungi vya upana na vya urefu, zidisha, kisha zidisha tena kwa 100. Arobaini kwa themanini ni 320,000 kwa mita ya mraba, kiwango cha kutosha kwa sebule yenye watoto. Kama huna muda, likunje uso ukielekea nje. Ukiuona mgongo kirahisi katikati ya nyuzi, rudisha pesa mfukoni.

Sasa lebo. Ikiandikwa polipropilini asilimia 100, inazungumzia uso tu. Polipropilini karibu hainywi maji kabisa, ndiyo maana inasifiwa kwa watu wa Pwani. Lakini mshindio wa nyuma mara nyingi ni juti, uzi uleule wa magunia, nao hunywa maji na kuyatunza. Hapo ndipo inapotoka ile harufu ya uvundo wakati wa masika: uso umekauka, mgongo bado. Zulia lililofuliwa lianikwe mgongo ukielekea jua. Kufanya hivyo kuna faida ya pili, kwa kuwa jua kali huivunjavunja polipropilini isiyotiwa kinga.

Uzi huo una udhaifu mwingine wa aina mbili ambao dukani hautajwi. Hupenda mafuta, hivyo mchuzi wa pilau ukimwagika unang'ang'ania kuliko soda. Pia huyeyuka kwenye nyuzijoto 165 hivi, na kaa moja likidondoka kutoka kwenye chetezo linatoboa tundu lisilozibika. Sufu haiyeyuki, huungua juujuu na kwa kawaida hujizimia. Ila sufu huvuta unyevu wa hewa, huliwa na viwavi wa nondo, na bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Nyumba inayofukiza udi kila Alhamisi jioni ingetafuta zulia dogo la sufu la kuwekea chetezo, na polipropilini ikae kwingine.

Kipimo ndicho kinachowaponza wengi. Tuchukue sebule ya mita 4 kwa 5, makochi mawili yakitazamana kwenye kuta ndefu, la tatu mwishoni, kabati la televisheni upande wa pili. Kochi lina kina cha sentimita 90 hivi, kwa hiyo nafasi iliyobaki katikati ya makochi mawili ni mita 2.2. Zulia la 160 kwa 230, ambalo bei yake huvutia, litaacha sentimita 30 za vigae kila upande: litaonekana limetupwa pale, na kona zake zitakwaza wapitao. La 200 kwa 300 nalo linapungua sentimita 10 kila upande. La 240 kwa 340 ndilo linaloingia sentimita 10 chini ya kila kochi. Miguu ya mbele ikilikanyaga, halitelezi wala halijikunji. Kabla ya kulipa, tandika kanga sakafuni. Doti moja, vipande vikiwa ubavu kwa ubavu, ni takriban 150 kwa 220, na macho yataona mara moja udogo wake.

Chumbani nina maoni tofauti na ya wapambaji. Wao hutaka zulia kubwa lipite chini ya kitanda. Kitanda cha futi sita kwa sita kina upana wa sentimita 183. Ukitaka sentimita 60 za kukanyaga kila upande, unahitaji zulia la upana wa mita 3, na sehemu kubwa yake itakuwa ghala la vumbi lisilofikiwa na ufagio. Kwa mwenye pumu hilo ni tatizo la kila usiku. Vipande viwili vya 80 kwa 150, kimoja kila ubavu, vinatosha. Vinakung'utwa barazani asubuhi na kurudi, juu ya wavu wa mpira ili visiteleze kwenye vigae.

Meza ya chakula iachwe na vigae vyake. Zulia la hapo lingehitaji kuzidi meza kwa sentimita 60 kila upande ili kiti kikivutwa nyuma miguu yake isidondoke ukingoni, yaani 210 kwa 270 kwa meza ya watu sita, fedha yote hiyo ikisubiri mchuzi umwagike. Wanaokula chini wana mkeka, unaokunjwa na kufutwa. Fedha itakayobaki iongezee zulia la sebuleni lifike 240 kwa 340.