Ngoma Bila Bahari, Bahari Bila Ngoma

Filamu za mabadiliko ya tabianchi tunazoonyeshwa huku ughaibuni zinafanana mno: mnazi ulioanguka, nyumba iliyozungukwa na maji, bibi kizee akitazama baharini. Watu wamo, lakini hawafanyi lolote. Nchi mbili za visiwa vya Pasifiki zimetupa picha mbili za video zinazofaa kulinganishwa.

Ya kwanza ni ya Novemba 2021. Simon Kofe, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Tuvalu, alirekodi hotuba yake kwa mkutano wa tabianchi wa Glasgow akiwa amesimama baharini, amevaa koti na tai, maji yamemfika magotini. Picha ile ilienea duniani, na ilistahili. Lakini tukiyaondoa maneno, kinabaki nini cha Tuvalu? Tai ile angeweza kuivaa waziri wa nchi yoyote. Tunaiona bahari inayopanda, hatuoni kitakachopotea.

Ya pili ni ya Olimpiki ya Rio, Agosti 2016. David Katoatau, mnyanyua vyuma wa Kiribati, nchi ya visiwa 33 ambavyo karibu vyote viko chini sana, aliondoka jukwaani akicheza. Watazamaji walicheka na kushangilia. Baadaye alieleza kwamba anacheza ili dunia ijue Kiribati iko wapi na inakabiliwa na nini. Mwili ule haukuomba huruma, na hiyo ndiyo nguvu yake. Kasoro ni kwamba bahari haikuwamo: bila maelezo, ilikuwa furaha tu.

Basi mmoja ana bahari bila ngoma, mwingine ngoma bila bahari. Sisi wa Pwani tunavyo vyote viwili mahali pamoja. Zanzibar imelima mwani kibiashara tangu 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kotonii, aina yenye bei nzuri, haivumilii maji yaliyozidi joto. Wengi wamebaki na spinosamu ya bei ya chini. Wengine wanafuata maji ya kina, ilhali wengi wao hawajui kuogelea. Yaani joto la bahari limebadilisha hata namna mwanamke anavyoinama, anavyofunga kamba na anavyotembea majini.

Hapo ndipo penye ngoma. Lelemama, ngoma ya wanawake yenye mwendo wa taratibu, inajua kusema mengi kwa mikono. Watoto wetu huku wanaiona ngoma harusini tu, wakidhani ni pambo. Filamu ingeweza kuwaonyesha kwamba mikono ichezayo ndiyo ifungayo mwani, na kwamba kazi ikifa, kuna kitu ngomani kitakufa pia.

Atakayeitengeneza asiwaombe akina mama hao wasimame kutazama bahari. Awaache wafanye kazi, kisha wacheze, na kamera isiwe na haraka.