Masega na Bloku

Kihariri cha bloku ni programu ya kuandaa kurasa za tovuti ambamo kila kitu kionekanacho, iwe aya, kichwa, picha, jedwali au kitufe, hukaa katika kipande chake. Kinachojulikana zaidi ni cha WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003. Kilikuja na toleo la 5.0, tarehe 6 Desemba 2018, kikiitwa Gutenberg, jina la mchapaji wa Mainz, Ujerumani, aliyepanga kurasa kwa herufi za madini katika karne ya 15, akazipangua na kuzipanga tena.

Kabla ya hapo ukurasa uliandikwa katika kisanduku kimoja kirefu, na aliyetaka kuisogeza picha moja aliweza kuvuruga aya tatu. Huko Kyuso, kaskazini mwa Mwingi katika kaunti ya Kitui, mfugaji wa nyuki angeielewa shida hiyo hata asipogusa kompyuta. Ndani ya mzinga wa gogo, mwatu kwa Kikamba, nyuki hugandisha masega kwenye ukuta, na mrinaji hawezi kulitoa sega bila kulikata. Katika miaka ya 1970 Kenya ikapata mzinga wa fito, ambao kila sega lake huning'inia kwenye ufito wake. Sega huinuliwa, likakaguliwa, likarudishwa, na nyuki wakaendelea na kazi yao. Bloku ni ufito wa namna hiyo: huinuliwa na kusogezwa juu au chini, na jirani zake wasisikie.

Ustadi wenyewe si kubofya. Kubofya hujifunzwa asubuhi moja. Kazi ni kujua kila sentensi ni kitu gani. Tuseme kikundi cha wafugaji kinataka kuuza asali. Anayeandaa ukurasa anaandika "Bei zetu", anakoleza herufi, na kwa macho yake hicho ni kichwa. Kwa programu inayomsomea asiyeona, hiyo bado ni aya kama aya nyingine, na msikilizaji hawezi kuruka moja kwa moja hadi kwenye bei. Bloku ya kichwa ingemfikisha. Vivyo hivyo picha ya migunga iliyochanua inadai maelezo yake ya maneno, na bei zinazopangwa kwa vipimo zinadai jedwali, si nafasi zilizobonyezwa mpaka tarakimu zikalingana.

Bei hupanda na kushuka kwa msimu. Bloku ya bei inaweza kuhifadhiwa na kutumiwa kwenye kurasa nyingi, ili ikirekebishwa mahali pamoja, irekebike kote.

Msomaji mara nyingi yuko kwenye simu, kwa bando alilonunua. Picha iliyotoka kwenye kamera bila kupunguzwa inamlia bando kabla hajaiona chupa ya asali. Safu mbili zilizopangwa sambamba kwenye kompyuta, kwenye simu kwa kawaida hupandiana, ya kushoto ikawa juu. Kwa hiyo fundi huweka kushoto lile linalotakiwa kusomwa kwanza, kisha huutazama ukurasa kwenye simu yenyewe.

Turudi mzingani. Fito za ule mzinga wa miaka ya 1970 zina upana wa milimita 32 hivi, kwa kufuata nafasi ambayo nyuki wa Afrika huacha kati ya sega na sega. Upana ukikosewa, nyuki huunganisha masega ya fito jirani, na mzinga wa kisasa ukageuka gogo la bei ghali. Bloku nazo huharibika hivyo: kundi ndani ya safu, safu ndani ya kundi jingine, hadi aliyezipanga mwenyewe asijue aguse wapi. Haishangazi kwamba wengi walikikataa kihariri kipya. Programu-jalizi inayorudisha kile cha zamani imewekwa kwenye mamilioni ya tovuti. Mizinga ya magogo nayo ingali mitini.

Toleo la 5.9 la WordPress, la Januari 2022, lilipeleka bloku nje ya maandishi, hadi kwenye kichwa cha tovuti, menyu na sehemu ya chini. Chini ya yote hayo uhifadhi ni wa kawaida kabisa: mipaka ya bloku huandikwa kama alama ambazo kivinjari hakizionyeshi, na katikati yake hubaki maandishi ya HTML. Kihariri kikizimwa, aya za kikundi kile zinabaki mahali pake, na bei ya asali inasomeka.