"Kipimo" au "Dozi"?

Tumeisoma rasimu ya mwongozo wa mashine za kutibu saratani kwa mionzi, na hatuna budi kusema wazi kwamba neno "kipimo" limebebeshwa mzigo usio wake. Mara ni dozi apewayo mgonjwa, mara ni chombo, mara ni tendo la kupima. Fundi asomapo "kipimo kisibadilike", ashike lipi?

Jambo lenyewe si la mzaha. Kobalti-60 hufifia kwa asilimia 1 hivi kila mwezi, kwani nusu maisha yake ni miaka 5.27, ili dozi ibaki ile ile, hurefushwa muda wa kumpiga mgonjwa mionzi. Katika mashine zinazochapuza elektroni, chemba za ioni huuchunga mwali na kuukata dozi iliyowekwa itimiapo. Nazo chemba huweza kupotoka, ndiyo maana utoaji hukaguliwa kila siku. Rasimu huyaita yote hayo "kurekebisha kipimo".

"Zao la mionzi" nalo halifai (mfasiri alidhani yu shambani). Twapendekeza "utoaji wa mionzi" na "uthabiti wa utoaji". "Dozi" wauguzi wanayo tayari, ibaki.