Pongezi kwa Mshonaji wa Kipochi cha Zipu
Ushonaji wa kipochi cha zipu nyumbani unastahili heshima kubwa kuliko ile unayopewa, kwa kuwa kazi hiyo, ambayo aghalabu huanza na vipande vya kitenge vilivyobaki baada ya gauni kukatwa, hudai usahihi kuliko nguo nyingi pana, ambamo kosa dogo hufichika katika mikunjo. Zipu, ambayo kwa umbo lake la kisasa ilipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1917 kwa jina la Gideon Sundback, hulazwa kati ya kitambaa cha nje na bitana, yaani kitambaa cha ndani kinachoficha mishono, nyuso nzuri zikielekeana. Kisha mshono hupitishwa karibu na meno bila kuyagusa. Ustadi hudhihirika hasa mshonaji anapoiacha zipu wazi nusu kabla ya kuunga pande, kwani asipofanya hivyo kipochi hakigeuziki, na anapobakiza katika bitana mwanya wa kukigeuzia. Anayeyatimiza hayo, tena pembe zikatoka kali, ni fundi kamili, hata kama hana kibanda wala kibao cha jina barazani.