Wakfu wa familia husomwa kabla ya kuombwa

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na mashirika yaliyokuwa yakiwapokea na kuwatafutia makazi yakaanza kupunguza wafanyakazi. Louisville, Columbus na Buffalo ni miji mitatu ambako pigo hilo limefika hadi majumbani mwa wasemaji wa Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wabantu wa Somalia, na Wakenya na Watanzania waliotangulia. Kazi ya kumsindikiza mama hospitali na kumtafsiria, ya kumwandikisha mtoto shule, ya kumsomea mzee barua ya mwenye nyumba, imeangukia vyama vidogo vya jamii vyenye mweka hazina mmoja na daftari moja. Vyama hivyo vinatafuta fedha, na kila vinapouliza vinaambiwa neno lilelile: jaribuni wakfu za familia.

Ushauri huo ni mzuri, ila unafuatwa kinyumenyume. Katibu anakesha na andiko la kurasa 12, analituma kwa wakfu 30, kisha chama kizima kinakaa kungoja. Miezi inapita, jibu halionekani, watu wanakata tamaa na kusema wazungu wana wao. Mimi nasema tatizo liko mapema zaidi. Kwa wakfu mdogo wa familia, andiko ni hatua ya mwisho na nyepesi kuliko zote. Linaloamua ni karatasi mbili za kodi: ya anayetoa na ya anayeomba.

Tuanze na anayetoa. Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa wakfu ni nini. Anajua shamba la minazi au nyumba iliyofungwa ili pato lake litunze msikiti au kisima. Wakfu wa familia wa Marekani una asili inayofanana: mtu anatenga mali, mali inawekezwa, faida inagawiwa kwa kazi za hisani. Tofauti ni kwamba serikali inausimamia kwa karibu. Tangu sheria ya kodi ya 1969, wakfu binafsi hauruhusiwi kulimbikiza tu. Leo unatakiwa kutoa kila mwaka kiasi kisichopungua takriban asilimia 5 ya thamani ya uwekezaji wake. Na kila mwaka hujaza Fomu 990-PF kwa idara ya kodi ya serikali kuu, IRS. Fomu hiyo ni ya umma. Inafunguliwa bure kwenye tovuti ya IRS au kwenye hifadhi ya shirika la habari la ProPublica iitwayo Nonprofit Explorer, wala huulizwi wewe ni nani.

Ukiifungua, usitishwe na wingi wa kurasa. Sehemu nne zinatosha. Kwanza, juu ya ukurasa wa kwanza upande wa kushoto, kuna thamani ya mali yote mwisho wa mwaka. Pili, kuna orodha ya wadhamini, na mbele ya kila jina saa anazofanya kazi kwa wiki na malipo anayopata. Isome polepole orodha hiyo. Ukikuta watu watano wenye jina moja la ukoo, kila mmoja saa moja kwa wiki, malipo sifuri, umekwisha kujua mengi. Hakuna ofisi wala karani wa kupokea simu. Kuna dada na kaka na binamu wanaokutana mara moja au mbili kwa mwaka, pengine mezani baada ya chakula, na andiko lako la kurasa 12 halitasomwa na mtu aliyechoka.

Tatu, karibu na mwisho wa fomu, kwenye maelezo ya ziada, kuna kisanduku kidogo. Kikiwekewa alama, maana yake ni kwamba wakfu huu hutoa kwa mashirika uliyoyachagua wenyewe, na haupokei maombi yasiyoitishwa. Alama hiyo moja ingewaokoa makatibu wetu mikesha mingi. Wakfu ndogo nyingi zimeiweka, nazo bado hutumiwa maandiko kila mwaka na watu ambao hawakutazama. Alama haimaanishi mlango umefungwa milele. Inamaanisha huingii kwa barua. Unaingia kwa kushikwa mkono na mtu anayejulikana ndani. Na huyo utamjua kwenye sehemu ya nne.

Sehemu ya nne ni orodha ya ruzuku zenyewe: jina la shirika lililopokea, anwani, madhumuni, kiasi. Hapa ndipo ninapowaomba viongozi wa vyama wakae na kalamu. Chukua fomu za miaka mitatu mfululizo uzilinganishe. Tuseme wakfu una mali ya dola milioni 3. Asilimia 5 yake ni dola 150,000. Orodha ya mwaka huu ina majina 22, na kati yake 16 yamo pia kwenye orodha za miaka miwili iliyopita. Hao ni wenyeji, na wamechukua dola 120,000. Zimebaki dola 30,000 kwa wapya sita, wastani wa dola 5,000 kwa mmoja. Ombi la dola 50,000 kwa wakfu wa namna hii limekufa kabla halijafunguliwa, hata liandikwe na profesa. Ombi la dola 5,000 lina pa kukaa.

Tazama tena wale wenyeji 16. Ukikuta humo kliniki ambako wanachama wako wanatibiwa, au kanisa linalowaazima ukumbi, au kituo wanakojifunza Kiingereza, umempata wa kukushika mkono. Nenda kwa mkurugenzi wake na umwombe jambo moja, akutaje kwa familia hiyo.

Anwani nazo zinasema. Fedha za familia hufuata nyayo za familia. Babu alifanyia biashara Buffalo, binti akaolewa Columbus, mjukuu akapata kazi Louisville, na orodha ya ruzuku inakuwa na miji mitatu isiyo na uhusiano mwingine wowote. Kwa hiyo chama cha Louisville kisiogope wakfu uliosajiliwa Buffalo kama fomu inaonyesha umewahi kutoa Louisville. Kama haujawahi, basi kiupite.

Na jina lisikupoteze. Mwaka 1917 John R. Oishei aligonga mwendesha baiskeli kwenye mvua huko Buffalo; kutokana na ajali hiyo akaingia biashara ya vifuta kioo vya magari na kujenga kampuni ya Trico. Alipoanzisha wakfu mwaka 1940 hakuupa jina lake, aliuita kwa majina ya mama yake na mkewe, Julia na Estelle. Ni baadaye sana ulipoitwa Oishei. Huko Columbus familia ya Ingram, yenye maduka ya baga ya White Castle, iliunda wakfu wake mwaka 1949. Louisville, James Graham Brown, aliyejenga Brown Hotel, aliunda wake mwaka 1943, na alipofariki mwaka 1969 bila mtoto mali yake ikaishia humo. Wakfu hizi leo ni kubwa, zina maofisa na utaratibu wa maombi ulioandikwa. Sizitaji ili mzikimbilie. Nazitaja kwa sababu historia ya mwanzilishi bado inaonekana katika zinachokitoa na mahali zinapokitoa, na kwa ndogo ni hivyo hivyo, ila hakuna aliyeziandikia historia. Utaisoma kwenye fomu.

Familia nyingine hazitaki shida ya fomu hata kidogo. Huweka fedha zao ndani ya wakfu wa jamii wa mji, kisha hupendekeza ziende wapi. Buffalo ina wakfu wa jamii tangu 1919, Columbus tangu 1943, Louisville tangu 1984. Humo huwezi kuona familia gani imempa nani, kwa kuwa fomu ya kila familia haipo. Dawa yake ni moja, kujulikana na maofisa wa wakfu huo wa jamii, maana familia ikiuliza ni nani anayefanya kazi na Wakongo wa mjini, wao ndio wanaojibu.

Sasa karatasi ya pili, ile yetu. Hapa ndipo penye uchungu.

Wakfu karibu zote huuliza kama chama kina hadhi ya 501(c)(3), yaani kimetambuliwa na IRS kuwa cha hisani. Wengi wetu hudhani ni ubaguzi wa kikaratasi. Sababu yake ni ya kisheria. Wakfu ukitoa fedha kwa chama kisicho na hadhi hiyo, sheria inautaka ukichunguze kabla, uandikiane nacho mkataba, ufuatilie kila senti na kuripoti IRS. Kaka na dada wanaokutana mara mbili kwa mwaka hawataubeba mzigo huo. Chama kidogo kinachotarajia mapato yasiyozidi dola 50,000 kwa mwaka na mali isiyozidi 250,000 kwa kawaida huweza kuomba hadhi kwa Fomu 1023-EZ, ada dola 275. Kisichokuwa tayari kinaweza kujiweka chini ya mwavuli wa shirika lenye hadhi, linalopokea fedha kwa niaba yake na kukata asilimia kidogo. Si aibu.

Ila kuipata hadhi ni jambo moja, kuitunza ni jingine. Chama kidogo hutakiwa kutuma kila mwaka taarifa fupi iitwayo 990-N. Ni ya bure, inajazwa mtandaoni kwa dakika chache. Chama kikiiacha miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutwa yenyewe. Hakuna hakimu wala kikao. Jina linahamia kwenye orodha ya waliofutwa, ambayo nayo iko wazi kwa kila mtu. Katibu anaweza kuandika andiko safi kabisa, mdhamini mmoja akatafuta jina la chama kwenye tovuti ya IRS, akaona limefutwa, na mambo yakaishia hapo bila barua ya kukataa. Mara nyingi chanzo chake ni kubadilisha uongozi. Mweka hazina wa zamani alihama mji akaondoka na nywila.

Kuna jingine zito zaidi. Vyama vyetu vingi vilizaliwa kuwa vya kufa na kuzikana. Mwenzetu akifariki, tunachanga, tunasafirisha maiti, tunakaa matanga. Hiyo ndiyo heshima yetu ugenini na isiguswe. Lakini mbele ya sheria ya hisani, mfuko unaowasaidia wanachama waliolipa ada peke yao si hisani kwa umma. Daftari likichanganya michango ya msiba na fedha za darasa la Kiingereza, anayelisoma kutoka nje haoni anatoa kwa nini. Tenganisheni. Mfuko wa misiba uwe na akaunti yake na kamati yake, na kazi za umma, kama masomo ya jioni, ukalimani na vijana, ziwe na akaunti nyingine yenye watia saini wawili na stakabadhi zilizopangwa. Nimeona vyama vikigombana juu ya hili, wazee wakihisi wanaporwa chama chao. Waelezwe kwa adabu kwamba kutenganisha kunaulinda mfuko wa msiba pia.

Karatasi zikishakaa sawa, ombeni kitu kinachoonekana. Mfano wake uko karibu na Buffalo. Mwaka 2017 Wabantu wa Somalia, kupitia chama chao cha Buffalo, walianza kulima kipande cha ardhi huko Orchard Park, mji uliko uwanja wa Buffalo Bills. Hawa ni watu wa jembe. Wengi wao ni kizazi cha waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Afrika Mashariki, na wapo ambao mpaka leo wanasema Kizigua, lugha ya Handeni, Tanzania. Walipopewa nyumba mjini walikosa shamba, na walichotaka kilielezeka kwa sentensi moja: ardhi ya kulima chakula tunachokijua. Walianza kidogo, mavuno yakaonekana, jamii nyingine za wakimbizi na Wamarekani Weusi zikajiunga, na leo Providence Farm Collective ni shirika lenye ekari 37. Mdhamini akifika pale anaona tuta, anaona mahindi, anamwona mama aliyeyapanda. Linganisha na maneno ninayoyakuta kwenye maandiko yetu: kuwezesha, kujenga uwezo, kuhamasisha jamii. Huwezi kulitembelea neno kuhamasisha.

Hivyo ukifika kwenye andiko lenyewe, kurasa mbili zinatosha. Sema nyinyi ni nani, mnafanya nini tayari, mnataka kuongeza nini, na bei yake. Cherehani sita na mwalimu wa Jumamosi tatu kwa mwezi, dola 4,800, na orodha ya bei chini yake. Ruzuku ikija, andikeni shukrani wiki hiyohiyo, na kabla mwaka haujaisha tumeni ukurasa mmoja wenye hesabu na picha, hata kama hamkuulizwa. Wale wenyeji 16 kwenye orodha walianza hivyo.

Kwa chama ambacho mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba, taarifa ya 990-N hutakiwa Mei 15. Ndugu mweka hazina, kabla hujaandika barua yoyote, fungua leo ukurasa wa IRS wa kutafuta mashirika, andika jina la chama chako, uone kama bado limo.